Pumzi Alizozifunga Nakhungu

Uji wa Nakhungu ulikuwa mkali. Usiseme mkali kama ndimu. Ndimu mbele yake ni peremende. Nzi aliyetua kwenye mdomo wa kibuyu chake alirudi nyuma kwanza, akajipanguza miguu, ndipo akaja tena kwa adabu. Mwalimu mmoja wa Misikhu aliunywa siku ya mtihani, akasahihisha karatasi za darasa zima bila kuzifungua. Hivyo ndivyo walivyosema watu wa Kitale, na watu wa Kitale hawasemi uwongo ila siku za soko.

Alikuwa mjane wa kijiji cha Ndalu, mfupi, mpana, anayetumia mkono wa kushoto tangu kuzaliwa. Kila siku ya soko alifika Kitale umande haujakauka, akakaa pale pale alipokaa miaka kumi na mitatu, mgongo kwenye ua wa kayaba, wenye miiba, unaotenga soko na reli ya zamani. Vibuyu vyake sita vya shingo ndefu alivipanga mbele kama watoto wanaosubiri kuogeshwa. Uji ulikuwa wa wimbi, umechachuka siku tatu. Uliunywa kwa kata hapo hapo, ukafuta mdomo, ukarudisha kata, ukaenda zako.

Aliyekaa mkabala naye ni Sharifo, mwanamke mzaliwa wa nyumba zilizo nyuma ya msikiti, mkaanga kaimati. Walikuwa marafiki, yaani walitukanana kila siku na hakuna aliyehama.

"Uji wako umeamka na hasira leo," Sharifo angesema. "Nimeusikia harufu nikiwa bado kwa sala."

"Na kaimati zako zimeamka na usingizi. Si uzipigie kelele zifure?"

Sasa mwaka wa elfu mbili na tano akaja Absalom. Alikuwa kijana wa Bungoma mwenye meno mengi kuliko mdomo, akiuza majuala kutoka kwenye baiskeli, yale majuala mepesi ya plastiki yanayoonyesha mkono upande wa pili. Akasimama mbele ya vibuyu, akacheka.

"Mathe, bado uko na hizi vitu? Watu wana haraka. Mtu anataka kubeba uji aende nayo kazini, we unamwambia angojee kata. Tia kwa juala, funga, mtu aende akinyonya. Tena hakuna kuosha."

"Na juala nalo linaenda wapi?"

"Si anatupa!"

Nakhungu akachukua juala moja. Midomo ya juala hilo ilikuwa imeng'ang'ana, haifunguki kwa kidole. Akalipuliza, puu, likafumuka kama tumbo la chura, naye akacheka mle mle ndani ya juala, akasema, "Hii takataka itatumaliza, bana." Lakini alikuwa mtu wa kujaribu. Akatia uji nusu, akafunga kwa fundo lake la ndama, lile alilofundishwa na mama mkwe wake Namarome, linalozunguka kushoto na ambalo mkono wa kulia haulifungui hata likiombwa. Absalom akang'ata pembe ya chini, akanyonya uji wote. Juu, chini ya fundo, kikabaki kibofu cha hewa. Akakifunga kile kibofu fundo jingine kwa chini na kukisukumiza mahali kwenye baiskeli yake. Akaondoka akipiga mluzi.

Kufikia Krismasi Nakhungu alikuwa ameacha vibuyu. Alivipeleka Ndalu akavitupa darini, juu ya jiko, vilale na moshi. Sokoni alikuwa anapuliza tu. Puu, uji, fundo. Puu, uji, fundo. Makarani, wapakiaji wa mahindi, wauza mitumba, wote walipita wakinyonya kama ndama, kisha wakaachia juala, fundo likiwa bado limefungwa. Upepo uliokota kilichoachiwa, ukakitundika kwenye miiba ya kayaba. Redioni walikuwa wakisema kuna siku majuala hayo yatakatazwa. Nakhungu alisikia, akapuliza lingine.

Sharifo ndiye aliyesema kwanza.

"Nakhungu wee, huo ua wako umezeeka. Umeota mvi."

"Wacha uote. Si mimi niliyeupanda."

"Sawa. Lakini mbona zote zina fundo lako?"

Miaka miwili ikapita. Kila kitu kinachooza husahau. Kibuyu kikipasuka unakitupa shambani, mvua mbili tatu, kimesahau hata kilibeba maziwa au uji. Plastiki haiozi. Kwa hivyo ile pumzi iliyofungwa juu ya uji, chini ya fundo, haikuwa na namna ya kusahau ilikuwa ya nani.

Ilianza Agosti, mwezi wa ule upepo mkavu unaoshuka kutoka Mlima Elgon saa ya jua kali. Nakhungu alikuwa ameketi, hana mteja, akasikia nyuma yake: puu. Akageuka. Hakuna mtu. Juala moja limejaa, likalegea. Akarudisha macho kwa sufuria yake. Puu, lingine. Halafu matatu pamoja, halafu ua mzima kutoka choo cha soko hadi kwenye reli, yakijaa na kulegea, yakijaa na kulegea, taratibu, kama wagonjwa waliolazwa safu moja. Na kila yalipojaa, kitu kifuani mwake kilivutwa kwa nyuma, kama mtu anayevuta kamba ya ndoo kisimani.

Siku ile alifikiri ni jua. Wiki iliyofuata alianza kupanda ngazi tatu za posho mill, kinu cha unga, akakaa kwenye ya pili. Mwezi uliofuata hakuweza kufumua juala. Alipuliza mara nne, likabaki limebana midomo kama mtoto anayekataa dawa. Akaenda kwa daktari. Daktari akaweka chuma kifuani, akasikiliza, akasema kifua ni kizima kama ngoma. Alipotoka nje upepo ukavuma kutoka upande wa soko, Nakhungu akashika nguzo asianguke.

"Si uyang'oe, uyachome?" Sharifo akamwuliza.

Alijaribu. Alipolitia moto la kwanza alihisi koo lake linaungua, akapiga yowe, akalizima kwa uji.

Basi Nakhungu akakaa akafikiri kwa akili za kwao. Kwao, mtoto mchanga akilia siku mbili bila homa wala njaa, wamama wazee humzunguka wakataja majina ya jamaa waliokufa, moja moja, kama mtu anayejaribu funguo kwenye kufuli. Jina lenyewe likitajwa, mtoto ananyamaza hapo hapo, na wote wanajua ni nani amerudi. Nakhungu akasema: hiki kinacholia hapa uani kinataka jina.

Akasimama mbele ya kayaba saa nane mchana, soko limepoa. Akamwita mama mkwe. "Namarome." Majuala yakapumua. Akamwita mumewe. Yakapumua. Akawaita baba, shangazi, yule mjomba aliyeliwa na mto Nzoia. Puu, puu, puu. Pumzi yake ilikuwa imebaki nyembamba kama uzi wa kushonea. Mwishowe akachoka, akasema kwa hasira, "Haya, Nakhungu basi! Si ni mimi?"

Ua ukanyamaza.

Si polepole. Mara moja, wote, kama darasa mwalimu anapoingia. Majuala yakashuka bapa kwenye miiba. Na kifua chake kikaacha kuuma. Nakhungu akacheka, akafunga mizigo, akapita mbele ya Sharifo akiimba. Sharifo hakuinua kichwa, Nakhungu akadhani anahesabu kaimati.

Kosa alilofanya, kila mtoto wa Bungoma analijua. Jina linalotajwa ni la aliyekufa. La aliye hai halitajwi kamwe, kwa maana likitajwa na kilio kikanyamaza, limekubaliwa.

Usiku ule alilala Kitale, kwenye banda la soko, na kesho yake akakaa mahali pake. Wateja walipita. Akaita, "Uji! Uji wa wimbi!" Mtu mmoja akageuka, akaangalia ua wa kayaba, akaongeza mwendo. Mwanamke wa sukuma wiki akaja na gunia lake, akaangalia kigoda cha Nakhungu, akakikalia. Alimkalia Nakhungu mapajani, mzima mzima, na gunia juu. Akatetemeka. "Hapa pana baridi ya kisima," akasema, akahama.

"Sharifo!" Nakhungu akaita.

Sauti ikatoka nyuma yake, miibani: puu.

Sharifo akasimamisha mwiko hewani. Akaangalia kigoda kitupu. "Nani amemwona Mama Uji?" akawauliza watu. "Jana sikumwona akiondoka, leo hajafika, na uji wake huu hapa unatoa mvuke." Akasoma aya kimoyomoyo, akapulizia huku na huku.

Nakhungu akaweka kiganja mbele ya mdomo wake. Akangoja. Hakuna kitu. Akachukua kijiko cha bati cha Sharifo, akakiweka puani. Kijiko kikabaki kinang'aa. Kifua hakikumwuma tena kwa sababu hakuna kilichokuwa kikiingia wala kutoka.

Alirudi Ndalu kwa miguu, na hakuchoka, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Kuku hawakumpisha njiani. Walipita katikati ya miguu yake. Alipokaribia boma akasikia mtoto analia. Viola, mke wa mwanawe, alikuwa amejifungua kitoto cha kike wiki tatu nyuma, kitoto kipole, hakijawahi kulia kilio cha maana. Sasa kilikuwa kinalia kwa vipande, kwa pumzi fupi fupi. Nakhungu alikitambua kile kilio. Alikuwa amekiacha uani Kitale.

Ndani alikuwa Lenah, dada ya marehemu mumewe, mwanamke mrefu asiyecheka.

"Ameanza lini?" Lenah akauliza.

"Jana saa nane mchana," Viola akasema. "Nimempa nyonyo, anakataa. Na Mama hajarudi toka jana."

"Kesho jua likiinama nitakuja na wamama. Tutamtafutia jina."

"Na Mama?"

Lenah akamtazama mtoto. "Tutataja majina yote," akasema. "Yote tunayoyajua."

Mtoto peke yake ndiye aliyemwona. Aligeuza kichwa begani mwa mama yake, akamkazia Nakhungu macho meusi, akanyoosha mkono. Ni kama alisema: nataka jina, na jina ni lako, bibi. Nakhungu akarudi nyuma hadi mgongo ukagonga ukuta. Mgongo ulipita kidogo ndani ya udongo kabla ya kusimama.

Kulipopambazuka alipanda lori la mahindi linaloshuka Bungoma. Hakuna aliyemwuliza kitu. Mpakiaji alimrushia gunia mapajani, likapita hadi chini. Aliteremka njia ya Kabuchai, akafuata vijia vya kati ya miwa hadi kwa Wabwile.

Wabwile ndiye aliyekuwa akimlimia vibuyu zamani. Alikuwa kipofu. Aliketi nyuma ya nyumba, vibuyu vimening'inia kila mahali kwenye chanja, na alikuwa anatikisa kimoja sikioni asikie kama mbegu zimekauka. Akaacha kutikisa.

"Nani huyo amekuja bila pumzi?"

Nakhungu akapiga magoti. "Kuka, babu yangu, unanisikia?"

"Nasikia pale ambapo pumzi ingekuwa. Mko wengi. Saa za asubuhi wafu wanakuja kuangalia vibuyu walivyonywea, wanagusa gusa, wanaenda. Rakini wewe hawajakunyolea nywele za matanga bado. Hujaliliwa. Wewe ni wa Ndalu, wa uji. Miaka miwili hujanunua kibuyu, nikasema huyu ameokoka."

Nakhungu akamweleza yote. Mzee alicheka kwanza, kicheko kikavu, meno mawili.

"Mayi, mama wee, ulikipa kitu kisichokufa pumzi yako, halafu ukakiongezea jina. Sasa kitakuacha vipi?"

"Nifanye nini?"

"Fundo ni lako. Yafungue, moja moja, mkono ule ule. Ukifungua sema: hapana, si jina lako. Wamama wakilitaja jina kabla hujapata pumzi ya kuitika, usirudi kuniuliza. Utakuja tu na hao wengine."

Nakhungu akainuka. Wabwile akamshika upindo wa leso. Hakuna aliyeweza kumshika siku ile isipokuwa yeye.

"Na ukipona, uji utatia kwa nini?"

"Kwa chupa, Kuka. Za soda."

"Chupa itakuzika, iwazike na watoto wako, na vipande vyake viwakate miguu."

"Jani la mgomba?"

"Hilo linakufa kabla mtu hajafika nyumbani. Utamwaga uji njiani kama mlevi." Akampa kile kibuyu alichokuwa akitikisa. "Chombo cha kunywea ni kile kinachokufa kabla yako, rakini si kabla ya uji. Mimi najua kimoja tu. Nenda."

Alifika Kitale saa sita, lori lingine. Ua ulikuwa bado kimya, mamia ya majuala yamelala bapa. Akaanza kwenye nguzo ya choo. Fundo la kwanza lilikuwa limekauka na uji wa miaka miwili. Akalifungua kwa kucha. Kikatoka kipumzi cha joto kikampiga usoni. "Hapana," akasema, bila sauti. "Si jina lako." Na puani mwake kikaingia kitu chembamba chenye harufu ya kayaba.

La pili. La tano. La ishirini. Miiba ilikuwa inamchana, na hakukuwa na damu. Kwenye la arobaini damu ikatoka, tone moja, naye akalia kwa furaha.

Sharifo alikuwa anageuza kaimati alipoliona. Mkono. Mkono wa kushoto, peke yake, hadi kwenye kiwiko, ukitembea juu ya ua kama buibui na kufungua mafundo. Wanawake wawili wa mitumba waliuona pia, wakaacha nguo zao wakakimbia, na hadi leo hawajarudi kuzichukua. Sharifo hakukimbia. Alisema bismillahi, akafuta mafuta mikononi, akausogelea ua.

"Nakhungu," akasema. "Huo mkono naujua. Ndio uliniibia chumvi mwaka juzi."

Mkono ukamwonyesha majuala ya juu, yale usiyoyafikia.

"Sasa mimi ndiye wa kuchomwa na miiba? Uji wenyewe hata hujawahi kunipa bure."

Lakini akachuma. Yeye akichuma, mkono ukifungua. Baadaye kidogo akaona bega. Halafu sikio na hereni yake. Saa tisa ilipopita, kichwa chote kilikuwa pale, kimekunja uso, kikihema kwa mdomo wazi kama samaki.

"Yametosha?" Sharifo akauliza.

"Bado," Nakhungu akasema, na ile ilikuwa sauti yake mwenyewe, nyembamba, ikitoka mdomoni mwake mwenyewe. "Lakini jua linainama."

Ndalu wamama walikuwa wamekaa duara, Lenah katikati na mtoto mapajani. Walikuwa wametaja majina ishirini na mawili. Mtoto alikuwa amelia hadi midomo imegeuka rangi ya jivu. Viola alikaa mlangoni amejishika kichwa.

"Kumebaki moja," Lenah akasema.

"Hatujui kama amekufa, senje," Viola akamwambia shangazi huyo. "Usilitaje."

"Mtoto ndiye anajua." Lenah akamwinamia. Mtoto akaacha kulia, akafungua macho, akangoja. Chumba kizima kikangoja. Nje hata mbuzi aliacha kutafuna.

"Nakhungu," Lenah akasema.

"Naam!"

Sauti ilitoka nje ya mlango, imekatika katikati, lakini ilitoka. Nakhungu akaingia amejikwaa kwenye kizingiti, kibuyu kwapani, mikono yote imechanika, anahema kama ng'ombe aliyetoka mtoni. "Naam! Nani ananiita? Mtu akiitwa akaitika, si yuko hai?"

Mwanamke mmoja alizirai. Lenah hakuzirai, hakuwa mtu wa mambo hayo. Alimtazama wifi yake kutoka kichwani hadi miguuni, akatazama kifua kile kikipanda na kushuka.

"Basi umechelewesha watu," akasema. "Haya, taja wewe."

Mtoto alikuwa ameanza tena, safari hii kwa sauti kubwa, kilio kizima cha mtoto mwenye njaa. Nakhungu akamchukua. Akafikiria ni nani aliyefundisha fundo.

"Namarome," akasema. Lenah alikuwa amekwisha kulitaja jina hilo mara tatu bila faida. Sasa mtoto akapiga chafya, akanyamaza, akatafuta nyonyo.

Baada ya hapo Nakhungu aliteremsha vibuyu darini. Aliviosha kwa maji ya moto na kokoto, akavifukiza, akarudi Kitale. Watu wa haraka walilalamika.

"Tutabebaje, mama?"

"Unabeba kibuyu, unakirudisha."

"Na nisiporudisha?"

"Nitakwenda pale uani niite jina lako."

Hakuna kibuyu kilichopotea hata kimoja.

Majuala yaliyokuwa yameruka mbali alitangaza yaletwe: anayeleta lenye fundo la kushoto anapewa kata moja bure. Yakaja. Mengine yalitoka kwenye mitaro ya Kitale, mengine mitoni kule Tongaren, moja lilitoka tumboni mwa ng'ombe wa watu siku ya kuchinjwa, na alipolifungua lilinukia nyasi. Mwaka wa elfu mbili na tisa kifua chake kilikuwa kimejaa, isipokuwa mahali padogo. Alikuwa akisema jambo, anafika katikati, pumzi moja inakosekana. Mdomo unafunguka, hakuna neno. Watu walizoea kungoja. Sharifo alikuwa akimalizia yeye, na alimalizia kwa matusi.

"Kuna moja limebaki," Nakhungu alisema. "Mahali penye uzito. Nasikia limekaliwa."

Ikawa siku moja Absalom akapita, amenenepa, baiskeli ile ile. Hakuuza majuala tena. Alibeba abiria, na siku hiyo alikuwa amebeba mtu kutoka steji ya matatu. Akaegesha karibu na Sharifo.

"Niaje, wamathe! Bado mko?"

Nakhungu alikuwa anamimina uji. Akaacha. Aliinama, akakiendea kile kiti cha baiskeli kama paka anayeendea shimo la panya. Akainua ngozi ya kiti. Chini yake, pale springi ilipotoboa, palikuwa na kibofu kidogo cha plastiki, kimekuwa cha manjano, fundo limezunguka kushoto.

"Aah, hiyo iache, mathe," Absalom akasema. "Hiyo ndio inanizuia kudungwa. Toka ile siku ya kwanza kabisa."

"Miaka minne," Sharifo akasema. "Miaka minne umekalia pumzi ya mwanamke wa watu. Na ukila maharagwe je?"

Absalom akacheka peke yake. Nakhungu akatia ukucha kwenye fundo. Lilikuwa gumu kuliko yote. Liliposalimu amri, pumzi haikutoka haraka. Ilitoka polepole, na kabla haijamfikia puani wote watatu waliisikia: kicheko cha mwanamke ambaye hajaanza kuumwa na kifua, kikitoka kwenye kijuala kitupu, halafu sauti yake, waziwazi, mchana kweupe katikati ya soko:

"Hii takataka itatumaliza, bana."

Nakhungu akavuta pumzi. Ilifika hadi chini, mahali ambapo haikufika miaka minne. Alichovya kata kwenye kibuyu, akamwaga kidogo chini, akampa Absalom iliyobaki.

Absalom alikunywa yote, macho kwenye ua. Kisha akapanda baiskeli, akaangalia kile kiti, na walimwona hadi alipopotea kwenye barabara ya Bungoma: anaendesha amesimama, hakai, kilima na mteremko.